Papa na mtumwa mbele ya mchoraji mmoja: ni uso upi uliofichua zaidi?

BRASHI KAVU (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam. Nimesoma humu mara nyingi kwamba mchoraji hodari wa sura humvua mtu, akayatoa ya moyoni na kuyaanika usoni, hata mtazamaji akaondoka akidhani amemjua mtu yule nje na ndani. Sifa hiyo hutolewa kwa kila picha maarufu bila kuulizwa maswali, nami naona imekaa upande. Nitaeleza kwa kutumia picha mbili tu, zilizochorwa na mtu mmoja, katika mji mmoja, ndani ya mwaka mmoja, za watu wawili ambao vyeo vyao vilipishana kama mbingu na ardhi.

Mchoraji ni Diego Velázquez, mzaliwa wa Seville wa mwaka 1599, aliyekuwa mchoraji wa Mfalme Philip IV wa Uhispania tangu 1623. Mwaka 1649 alikwenda Italia kwa mara ya pili ili kumnunulia mfalme picha na sanamu za kupamba makazi yake. Alifuatana na Juan de Pareja, mtu mwenye asili ya Kiafrika aliyezaliwa Antequera, kusini mwa Uhispania, ambaye kisheria alikuwa mali ya Velázquez. Antonio Palomino, aliyeandika habari za wachoraji wa Uhispania mwaka 1724, anasema kwamba kazi za Pareja karakanani zilikuwa kusaga rangi, kutayarisha turubai na shughuli nyingine za chini. Hata hivyo, tunajua pia kwamba alikuwa msomi wa kiasi chake, kwa kuwa jina lake linaonekana kwenye hati za bwana wake akiwa shahidi aliyetia saini.

Mwaka 1650 ulikuwa mwaka wa Jubilei, yaani mwaka mtakatifu wa Kanisa Katoliki, na Roma ilifurika mahujaji. Velázquez alikuwa anajiandaa kumchora Papa Innocent X, na kwa maelezo ya Palomino alitaka kwanza kuunoa mkono wake kwa kumchora mtu aliye hai. Mtu aliyekuwa karibu ni Pareja. Picha ile ikatundikwa Pantheon, hekalu la kale la Roma lililogeuzwa kanisa, tarehe 19 Machi, na habari zikaenea mjini kwamba nyingine zote zilikuwa picha, ila hiyo peke yake ilikuwa ukweli.

Itazameni kwa makini, kwani inapatikana mtandaoni kwa ukubwa wa kutosha katika tovuti ya jumba la makumbusho la Metropolitan la New York, walioinunua baada ya mnada wa London wa Novemba 1970 kwa zaidi ya pauni milioni 2. Haizidi urefu wa sentimita 82. Hakuna kiti, pazia wala dirisha. Nyuma yake ni rangi ya kijivu inayoelekea ukijani, na nguo zake karibu zimeungana na rangi hiyo. Mkono umepita mbele ya mwili ukiwa umeshika joho. Kinachong'aa ni vitu viwili, yaani ukosi mpana wa lesi nyeupe na paji la uso lililopigwa na mwanga. Macho yanatuangalia moja kwa moja, bila kutukodolea na bila kutukwepa. Mdomo umefungwa, na haukukazwa.

Sasa mgeukieni Papa, ambaye picha yake haijawahi kutoka mikononi mwa ukoo wake na hadi leo imo katika nyumba ya sanaa ya Doria Pamphilj, kule kule Roma. Hapa kila kitu ni chekundu: pazia jekundu, kiti chekundu chenye dhahabu, kofia nyekundu na vazi la begani la hariri linalometameta, na katikati ya wekundu huo umo uso ambao nao umeiva. Ni uso wa mzee aliyepita miaka 70, mwenye ndevu haba, midomo iliyobanwa na nyusi zilizokunjwa kidogo. Macho yake yanamtazama mtu kwa pembeni, kama ya mwenye duka aliyeona mkono wa mteja ukikaribia mfuko. Inasimuliwa kwamba alipoonyeshwa picha hiyo alisema kuwa ilikuwa ya kweli mno. Sina njia ya kuthibitisha kwamba aliyatamka maneno hayo, ila aliyebuni hadithi hiyo alikuwa ameitazama picha vizuri.

Hoja yangu ni hii. Katika nyuso hizi mbili, aliyefichuka ni mwenye mamlaka yote, na aliyebaki na siri zake ni yule ambaye hata mwili wake haukuwa wake. Sioni kuwa hilo ni jambo la bahati. Mtumwa anaishi kwa kusomwa usoni kutwa kucha. Akionekana na furaha ataambiwa amejisahau, akionekana na huzuni ataambiwa hana shukrani, na akionyesha hasira huenda akauzwa kwa bwana mbaya zaidi. Mtu aliyelelewa katika hali hiyo hadi utu uzima anajua kuutawala uso wake kuliko mwanasiasa yeyote. Papa, kwa upande wake, alikuwa amezungukwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kutabiri hali yake kila asubuhi, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kujichunga mbele ya mgeni mwenye brashi.

Palomino anasimulia pia kwamba Velázquez alimtuma Pareja mwenyewe aibebe picha yake na kuwaonyesha marafiki wa mchoraji ili wasikilizwe watasemaje. Wakabaki wanaitazama picha na kumtazama aliyeishika, kwa mshangao uliochanganyika na woga, wasijue ni yupi wamsemeshe na ni yupi angewajibu. Watu husimulia tukio hilo kama ushahidi wa umahiri wa Velázquez, na kweli ni ushahidi. Mimi najiuliza zaidi kuhusu yule aliyesimama akiwa ameishika picha. Kila mtu chumbani alikuwa anaukagua uso wake kwa kuulinganisha na nakala, na katika kisa chote hakuna hata sentensi moja aliyosema yeye. Bila shaka alikaa na uso ule ule tunaouona.

Tarehe 23 Novemba mwaka huo huo, mjini Roma, Velázquez alitia saini hati ya kumwacha huru Pareja. Hati ilikuwa na masharti: uhuru ungeanza kufanya kazi baada ya miaka 4 mingine ya utumishi, mradi asitoroke wala asifanye uhalifu. Kwa hiyo ule uso uliotundikwa Pantheon mwezi Machi ulikuwa wa mtu ambaye huenda tayari alikuwa akiongea na bwana wake juu ya uhuru, au alikuwa hajathubutu kuugusia. Picha haitoi jibu, na kwangu mimi hapo ndipo ilipo heshima yake. Karibuni tujadili.

MCHOKONOZI

Mkuu Brashi Kavu, umeandika vizuri, lakini naona umempunguzia Papa akili. Giovanni Battista Pamphilj hakuwa mzee wa kijijini aliyeamka siku moja akajikuta juu ya kiti kile. Alisomea sheria, akawa hakimu katika mahakama kuu ya Kanisa, kisha akawa balozi wa Papa huko Naples na baadaye Madrid, hadi alipochaguliwa mwaka 1644. Mtu aliyeshinda katika baraza za wafalme kwa miaka hiyo yote, akisikiliza uongo wa mabalozi wenzake na kuujibu kwa uongo wake, utasemaje kwamba hakujua kuficha uso?

Tena kumbuka kwamba aliipokea picha ile na akampa mchoraji mkufu wa dhahabu wenye nishani. Angekuwa amevuliwa nguo hadharani angeichoma moto au angeificha stoo. Mimi nasema uso ule wa kutomwamini mtu ulikuwa sare ya kazi. Roma nzima ilikuwa inanong'ona kwamba shemeji yake, Olimpia Maidalchini, ndiye anayetawala nyuma ya pazia, na kwamba anayetaka cheo hupitia mlangoni kwake kwanza. Mtawala anayesemwa hivyo ana faida gani ya kuchorwa akiwa mpole? Anataka kila anayeingia ukumbini aione ile jicho-pembe na ajue kwamba mzee hadanganyiki.

BRASHI KAVU

Mchokonozi, hiyo ya ubalozi umenipa silaha, na naipokea. Ikiwa Papa alikuwa fundi wa kuuvaa uso, basi dai la kwamba picha huuanika moyo linazidi kuyumba, kwa sababu hata uso tunaouona kuwa wazi kuliko yote duniani ungekuwa uso uliochaguliwa. Ninachobakiza ni tofauti ya aina ya siri. Papa anachagua wewe umwogope, na ana askari, hazina na funguo za mbinguni za kuutilia nguvu uchaguzi huo. Pareja hana kitu nyuma yake, ukutani hata kivuli cha kiti hakuna, na kila anachokishikilia kimo ndani ya ule utulivu. Ndiyo maana mbele ya Papa nahisi ninakaguliwa, na mbele ya Pareja nahisi nimesimamishwa mlangoni nisubiri.

FUNDI SURA

Naomba niingie kama mtu wa kazi hii, maana nachora sura za watu kwa oda na ndiyo inayoniendeshea nyumba. Wengi wanaokuja kwangu wamefiwa. Wanaleta picha ya pasipoti au ya kitambulisho, ndogo, imekwaruzika, marehemu amekaza uso kama alivyoamriwa na mpiga picha, nao wanataka nimtoe akiwa vile alivyokuwa sebuleni kwake. Kuna familia moja ambayo watoto wote walikuja kuchukua picha ya baba yao, na ubishi wote ulikuwa juu ya pembe ya mdomo. Binti mkubwa alisema baba alikuwa na kicheko cha karibu na nimekifuta. Kitinda mimba alisema hajawahi kumwona baba akicheka na nimemzidishia. Wote walikuwa wanatazama mstari mmoja usiozidi urefu wa kucha.

Nasema hivyo ili mjue Velázquez alifanya nini. Hali ya mtu usoni inakaa katika pembe za mdomo na pembe za macho. Mchoraji asiye na uzoefu huzichora pembe hizo kwa mistari mikali, na papo hapo uso unakwama katika hali moja, kucheka au kununa, hauna pengine pa kwenda. Velázquez anapofika hapo anaulegeza mkono. Ikuzeni picha ya Pareja mtaona kwamba mdomo unaishia ndani ya kivuli cha masharubu na ndevu bila mpaka ulio wazi, na lesi ya ukosi, ambayo kwa mbali unaweza kuhesabu matundu yake, kwa karibu ni michirizi na madoa ya rangi nyeupe yaliyotupwa kwa haraka. Pale alipoacha pasipomalizika, jicho la mtazamaji linamalizia lenyewe, na kila mtu anamalizia kwa alichonacho. Kwa hiyo ninyi mnaobishana juu ya moyo wa Pareja mnafanya kazi ile ile waliyofanya wale watoto katika karakana yangu.

Kuhusu kuchagua uso, naungana na Mchokonozi kwa sehemu. Mtu hawezi kuushikilia uso mmoja kwa saa nzima. Dakika kumi za kwanza wanakaa kama wako mbele ya hakimu, baadaye wanachoka, wanaanza kuwaza bili ya umeme, na hapo uso halisi unapita kidogo kisha unaondoka. Nafikiri kwa Papa, Velázquez aliusubiri uchovu. Kwa Pareja sidhani kama alihitaji kusubiri, kwa sababu alikuwa ameuona uso ule kila siku kwa miaka mingi, asubuhi na jioni, rangi zikisagwa.

MZEE WA HOJA

Ndugu zangu, mnaipamba picha kwa historia mliyokwisha kuisoma. Mngemwonyesha mtu Pareja bila kumwambia lolote angewaambia amemwona bwana mmoja mwenye majivuno, pengine mfanyabiashara au balozi wa nchi fulani. Utumwa wake hamkuuona usoni. Mmeusoma kwenye karatasi, mkarudi kuupachika.

Ushahidi wangu nautoa kwa Velázquez huyo huyo. Akiwa bado kijana Seville, mnamo 1617 au 1618, alimchora msichana mweusi wa jikoni, amevaa kitambaa cheupe kichwani, ameinama juu ya meza yenye mitungi, kinu na vitunguu saumu. Picha hiyo iko Dublin, katika jumba la taifa la sanaa la Ireland. Kwa muda mrefu watazamaji waliona mtumishi aliyechoka. Mwaka 1933 ilisafishwa, na chini ya rangi iliyopakwa juu yake baadaye ikatokea nafasi ya ukutani inayoonyesha chumba cha nyuma, ambamo Kristo ameketi mezani na wanafunzi wake kule Emau, baada ya kufufuka, nao wakiwa hawajamtambua. Tangu siku hiyo uso wa msichana umebadilika katika macho ya watu. Amekuwa mtu anayesikiliza, aliyetambua sauti ya mgeni kabla ya wale walioketi naye. Usoni pake hakikuongezwa hata nukta moja. Na Chicago kuna picha nyingine ya Velázquez ya msichana huyo huyo katika mkao huo huo, isiyo na chumba cha Emau, na huko ameendelea kuwa mtumishi aliyechoka. Sasa niambieni, moyo wa binti huyu umo usoni au umo katika kile kidirisha cha nyuma?

BRASHI KAVU

Mzee, mfano wako ni mzuri kuliko wowote nilioutumia, nami naukubali karibu wote. Ila tazama kile usichokisema. Uso wa yule binti umeweza kuupokea usikivu ulipoletwa, kama ulivyoweza kuupokea uchovu. Peleka kidirisha kile kile nyuma ya mtu anayepiga miayo uone kama kitamfanya msikilizaji. Kuna nyuso zilizochorwa zikiwa na nafasi, na Fundi Sura ametueleza nafasi hiyo inavyotengenezwa kwa mkono. Wala simlaumu anayemwona Pareja kuwa balozi. Huenda ndivyo yeye mwenyewe alivyotaka aonekane siku ile, na ndivyo bwana wake alivyoridhia.

Hata Palomino alikuwa na hadithi yake ya kupachika. Yeye ndiye aliyetuletea kisa kwamba Pareja alijifunza kuchora kwa siri, kwa sababu watumwa walikatazwa sanaa hiyo, na kwamba mfalme alipoiona picha yake akasema mtu mwenye kipaji kile hawezi kuwa mtumwa. Kisa kitamu, na kilisimuliwa kwa zaidi ya miaka 200. Hati ya Roma ilipochapishwa mwaka 1983 ikaonekana kwamba mfalme hakuhusika. Ni bwana wake aliyemwachia, kwa masharti, mbele ya mthibitishaji wa hati.

MCHOKONOZI

Basi tuulize swali ambalo wote tumelikwepa. Pareja akawa huru, akawa mchoraji kwa jina lake. Je, aliposhika brashi mwenyewe, alijichora vipi? Maana tumeshinda hapa tukisoma uso alioundiwa na mtu mwingine.

BRASHI KAVU

Swali lako ndilo nililokuwa nikilingojea. Mwaka 1661 alichora picha kubwa, yenye upana wa zaidi ya mita 3, ya Yesu akimwita Mathayo mtoza ushuru, nayo sasa iko katika jumba la makumbusho la Prado, Madrid. Ukingoni kabisa upande wa kushoto amesimama Pareja mwenyewe, amevaa nadhifu kama bwana wa Kihispania, anatutazama. Mlinganisho na picha aliyochorwa na Velázquez kule Roma unashtua: ngozi imekuwa nyeupe zaidi na pua imekuwa nyembamba. Wapo wanaosema aliuonea haya uso wake. Wapo wanaosema hivyo ndivyo mtu alivyodai nafasi Madrid ya wakati ule.

Mimi niko upande wa pili, na sababu yangu ni Velázquez. Miaka michache tu kabla, alipoomba kuwa mwanachama wa shirika la mashujaa wa Santiago, chama cha heshima cha makabaila wa Uhispania, mashahidi zaidi ya 100 walihojiwa juu ya usafi wa damu ya mababu zake, yaani kwamba hawakuwa na asili ya Kiyahudi wala Kiislamu, na iwapo amewahi kuchora kama fundi anayeuza kazi yake kwa umma, na uanachama ulipatikana mwaka 1659 kwa mbinde. Ikiwa kipenzi cha mfalme alichimbuliwa hadi kwa bibi zake, mtumwa aliyeachwa huru angejichora katikati ya watu wa heshima kwa rangi ipi? Hilo pia ni kuutawala uso, safari hii kwa brashi.

Na kuna jambo moja la kutazama mtakapoifungua picha hiyo. Papa Innocent, katika ile picha ya Roma, ameshika karatasi mkononi, na juu ya karatasi limeandikwa jina la Velázquez. Pareja alikuwa Roma na bila shaka aliiona. Katika picha yake ya 1661 yeye naye ameshika karatasi, na jina lililoandikwa juu yake, pamoja na mwaka, ni lake mwenyewe.